Misingi ya sheria ya jinai na nadharia za uhalifu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wanafunzi

Maswali haya nimeyakusanya kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, wa astashahada na wa shahada, wengi wa sheria na wachache wa sosholojia. Majibu yanafuata sheria ya Tanzania Bara, yaani Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, iliyoanza kutumika tarehe 28 Septemba 1930, enzi za Waingereza, na mpaka leo ndiyo mama wa sheria zetu za makosa. Zanzibar ina Sheria yake ya Adhabu, Na. 6 ya mwaka 2018. Namba za vifungu nilizotaja ni zile zilizozoeleka kwenye hukumu nyingi. Ukiwa na toleo jipya la urekebu, hakikisha kwanza, maana namba huhama.

Kosa la jinai ni nini hasa?

Ni kitendo, jaribio, au kuacha kutenda ambako sheria imekuwekea adhabu. Neno la kushika hapo ni "sheria". Jambo linaweza kuwa dhambi, likawa aibu, likawa na laana ya ukoo mzima, lakini kama hakuna kifungu kinacholiadhibu, si jinai. Katiba ya mwaka 1977, Ibara ya 13(6)(c), inakataza mtu kuadhibiwa kwa kitendo ambacho alipokitenda hakikuwa kosa kisheria. Bunge likipitisha sheria leo, haiwezi kumfuata mtu kwa alichofanya mwaka jana.

Kuhusu kuacha kutenda, wanafunzi huteleza hapa. Ukimwona mtoto wa mtu usiyemjua anazama kwenye dimbwi ukapita zako, umefanya unyama, ila sheria yetu kwa kawaida haikushtaki kwa kifo chake. Mzazi wa mtoto huyo akifanya vilevile, anashtakiwa. Tofauti yao ni wajibu: mzazi anao kisheria, wewe huna. Kwa hiyo kila unapokutana na kosa la kuacha kutenda, tafuta kwanza wajibu ulitoka wapi: uzazi, ulezi, mkataba wa kazi, au hatari ambayo mtu mwenyewe aliianzisha.

Jinai na madai zinatofautianaje?

Bodaboda amemgonga mtembea kwa miguu. Jamhuri itamshtaki kwa uendeshaji wa hatari. Akitiwa hatiani atalipa faini au atafungwa. Aliyegongwa anaweza kumfungulia kesi ya madai alipwe gharama za matibabu na siku alizokosa kazi. Tukio ni moja, kesi mbili, viwango viwili vya uthibitisho. Kwenye jinai ni pasipo kuacha shaka ya msingi. Kwenye madai mizani ikiinama upande mmoja, inatosha.

Mlalamikaji akisamehe, kesi inakwisha?

Swali hili huulizwa kila mwaka, na mitaani jibu lake huwa ni "ndiyo, anaifuta tu". Hapana. Kesi ya jinai ni ya Jamhuri. Ndiyo maana hati ya mashitaka inaandikwa "Jamhuri dhidi ya fulani", na mlalamikaji anaingia kizimbani kama shahidi tu, hata kama yeye ndiye aliyevunjwa mkono. Mwenye uamuzi wa kuiondoa ni Mkurugenzi wa Mashtaka au wale wanaofanya kazi chini yake. Kwa makosa madogo ya watu binafsi, kama shambulio la kawaida, mahakama inaweza kuwahimiza wahusika wapatane na kesi ikaishia hapo. Lakini familia mbili kukaa sebuleni "kuyamaliza" suala la mtoto aliyebakwa, kwa ng'ombe au kwa bahasha, hakufuti chochote. Jinai inabaki, na waliokaa kikao hicho kuzuia kesi wanaweza kuwa wamejiingiza kwenye makosa yao wenyewe. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu baadhi yenu mtakuwa waendesha mashitaka wilayani, na mtaletewa barua za namna hiyo zimegongwa muhuri kabisa.

"Kitendo" na "nia" maana yake nini? Kila kitabu kinaanza na Kilatini.

Kilatini ni actus reus na mens rea. Ukiyaweka kando, maana yake ni kwamba kwa makosa mengi Jamhuri lazima ithibitishe mambo mawili: kwamba ulilitenda jambo, na kwamba ulilitenda ukiwa na hali ya akili ambayo kifungu kinaitaja. Kimoja kikikosekana, kosa halijakamilika.

Mfano ninaoupenda ni wa kandambili. Ijumaa watu wanatoka msikitini. Mlangoni kuna kandambili nyingi, nusu yake za bluu. Unaingiza miguu kwenye za bluu unaondoka. Umechukua mali ya mtu bila ridhaa yake, kwa hiyo kitendo kipo. Nia haipo, kwani uliamini kwa dhati, na kwa sababu za maana, kuwa ni zako. Kifungu cha 11 kinakulinda: unahukumiwa kana kwamba mambo yalikuwa vile ulivyoamini.

Sasa umefika barabarani, kisigino kinapwaya. Unatazama chini: hizi zina mkanda mpya, zako zilikuwa zimeshonwa kwa uzi mweusi. Kuanzia dakika hiyo unajua. Ukigeuka kuzirudisha, huna kosa. Ukisema moyoni "ndiyo riziki" ukaendelea na safari, umekuwa mwizi pale pale barabarani, ingawa mikono yako haijafanya jambo jipya. Sababu ni kwamba wizi katika kifungu cha 258 una milango miwili: kuchukua, na kugeuza mali ya mtu kuwa ya kwako. Mlango wa kwanza ulipita bila nia. Wa pili umepita nayo.

Wanafunzi husoma kesi ya Fagan, ya Uingereza mwaka 1969, ya dereva aliyepandisha gurudumu kwenye mguu wa askari bila kukusudia, kisha akakataa kulitoa. Hoja ni ileile ya kandambili. Nia na kitendo lazima vikutane, lakini kitendo kinaweza kuwa kinaendelea, na nia ikakikuta njiani.

Mweka hazina wa kikoba aliyetumia hela akiwa na nia ya kuzirudisha ni mwizi?

Swali zuri kuliko yote kwenye somo la wizi. Hela za kikundi ziko kwenye laini yake ya simu. Tarehe 5 analipa ada ya mtoto, shilingi 400,000, akijua mshahara wa mume unaingia tarehe 28 na kikundi kinagawana tarehe 30. Tarehe 12 mwanachama mmoja anafiwa, kikundi kinaomba hela, hazipo.

Wengi hujibu: si mwizi, kwa kuwa wizi unataka nia ya kumnyang'anya mwenye mali moja kwa moja. Kwa baiskeli, jibu hilo lingekuwa na nguvu. Kwa fedha, kifungu kimeweka nia ya aina yake: inatosha kwamba aliyezichukua alikusudia kuzitumia atakavyo, hata kama alikuwa na mpango wa kumlipa mwenyewe baadaye. Mpango wa kurudisha unamsaidia wakati wa kuomba apunguziwe adhabu, haumsaidii kwenye hatia.

Ila usikimbilie kumfunga. Bado Jamhuri lazima ionyeshe kuwa alifanya hivyo kwa hila na bila haki. Kama katiba ya kikundi au mazoea yao yanaruhusu mweka hazina kujikopesha na kuandika kwenye daftari, na yeye aliandika, basi kuna dai la haki la nia njema, na hilo ni utetezi chini ya kifungu cha 9. Uliza daftari liko wapi kabla hujajibu.

Nimeokota simu kwenye daladala. Nikikaa nayo?

Inategemea ulichoamini wakati ule. Kama hukumjua mwenyewe na uliamini, kwa sababu za maana, kuwa hawezi kupatikana, hujaiba. Lakini simu inapigiwa. Mtu anayeokota simu, ikaita mara tatu jina "Mama" likitokea kwenye kioo, kisha akachomoa laini na kuitupa, hana pa kusimama.

Nia na sababu ya kutenda si kitu kimoja?

Si kitu kimoja. Nia ni unachokusudia kifanyike. Sababu ni kilichokusukuma. Mtu aliyeiba dawa kumtibu mama yake ana nia ya wizi na sababu inayoeleweka. Kifungu cha 10 kinasema sababu haina uzito kwenye hatia, isipokuwa kosa lenyewe limeitaja. Kwenye adhabu ndipo hakimu anaisikiliza.

Na kama sikujua ni kosa?

Kifungu cha 8: kutoijua sheria si utetezi. Kutojua ukweli wa jambo, kama kwenye kandambili, ni kitu kingine. Watu huvichanganya hivi viwili kwenye karatasi za mtihani na kupoteza alama za bure.

Kuua kwa kukusudia ni lazima mtu awe amepanga?

Hapana, na neno letu "kukusudia" ndilo linalowapoteza watu. Linasikika kama mtu aliyekaa usiku kucha akinoa panga. Kifungu cha 196 kinataka kifo kilichosababishwa kwa kitendo kisicho halali, pamoja na nia ovu. Nia ovu imeelezwa katika kifungu cha 200, na ina sura nne: kukusudia kuua au kumdhuru mtu vibaya sana, yeyote yule, hata kama aliyekufa si yule uliyemlenga; kujua kuwa unachofanya huenda kikaua au kudhuru vibaya sana, hata kama hujali; kukusudia kutenda kosa ambalo adhabu yake inazidi kifungo cha miaka mitatu; na kukusudia kumsaidia mhalifu atoroke. Nia ovu inaweza kuzaliwa ndani ya sekunde mbili, jikoni, mtu akiwa na mchi mkononi.

Kwa kuwa hakuna anayeweza kufungua moyo wa mtu na kuchungulia, mahakama inasoma nia kwenye vitendo. Katika kesi ya Enock Kipela dhidi ya Jamhuri, rufaa ya jinai namba 150 ya mwaka 1994, Mahakama ya Rufani iliorodhesha vitu vya kutazama, na hukumu nyingi za baadaye zimeirejea: aina na ukubwa wa silaha, nguvu iliyotumika, sehemu ya mwili iliyopigwa, idadi ya mapigo, aina ya majeraha, maneno ya mshtakiwa, na mwenendo wake kabla na baada ya tukio.

Weka matukio mawili kando kwa kando. Katika la kwanza, ndugu wawili wanagombana kuhusu mpaka wa shamba. Mmoja anampiga mwenzake kofi moja, anaanguka, kisogo kinakita kwenye jiwe la kusagia, anafariki. Katika la pili, anampiga kwa mchi kichwani mara tatu, ya tatu akiwa ameshalala chini, kisha anauosha mchi na kuurudisha kwenye kinu. Kifo ni kilekile. La kwanza lina kila dalili ya kuua bila kukusudia, ambako adhabu inaweza kufika kifungo cha maisha lakini jaji ana uhuru wa kushuka hata chini kabisa. La pili, upande wa utetezi una kazi kubwa, na ule mchi uliooshwa utasemwa na kila shahidi.

Mtu akiua kwa kuamini aliyekufa ni mchawi?

Hapa tukae kidogo, kwa kuwa ni swali la kwetu, na vitabu vya ng'ambo havina msaada.

Utetezi unaotumika ni ghadhabu ya ghafla kwa kuchokozwa. Ukikubalika, unashusha kosa kutoka kuua kwa kukusudia hadi kuua bila kukusudia. Kipimo chake ni mtu wa kawaida, na kifungu cha 202 kinaeleza kuwa ni mtu wa kawaida wa jamii ya mshtakiwa mwenyewe. Maneno hayo machache ndiyo yaliyofungua mlango kwa hoja za uchawi katika mahakama za Afrika Mashariki.

Mwaka 1941, katika kesi ya Fabiano Kinene iliyotoka Uganda, wanakijiji walimkuta mtu usiku akitambaa uchi uani kwao, wakaamini wamemfuma mchawi kazini, wakamuua kikatili. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliona walighadhibika palepale kwa jambo walilolishuhudia kwa macho, ikawahesabia kuua bila kukusudia. Miaka kumi baadaye ikaja kesi ya Eria Galikuwa, mwaka 1951, na mlango ukafungwa nusu. Mshtakiwa alimuua mganga akihofia kwamba atauawa kwa dawa. Mahakama ikasema imani na hofu ya jambo lijalo havitoshi. Lazima kuwe na kitendo halisi kilichofanyika mbele ya mshtakiwa, na hasira iwe ya papo hapo, isiyopata muda wa kupoa.

Sasa zipime kesi za Usukumani ambazo mmezisikia tangu utotoni. Bibi mwenye macho mekundu. Macho yale yameiva kwa miaka hamsini ya kupikia kuni na samadi kwenye jiko lisilo na dirisha. Mtoto wa jirani anakufa kwa homa, mganga anapiga ramli, baada ya wiki mbili bibi anakatwa mapanga akiwa amelala. Hakuna kitendo alichofanya mbele ya mtu. Hakuna ghafla, zimepita siku kumi na nne na vikao viwili. Mara nyingi wauaji wamekodiwa. Kwa kipimo cha Galikuwa hakuna ghadhabu ya ghafla hapo, ni mauaji ya kukusudia, na kila aliyechangia fedha yumo. Ninapenda wanafunzi wafike kwenye jibu hilo kwa kuzipima kesi, wasifike kwa kukariri.

Mtoto, mlevi na mgonjwa wa akili wanachukuliwaje?

Chini ya miaka 10, mtoto hawajibiki kabisa kwa jinai. Kati ya 10 na 12, hawajibiki isipokuwa Jamhuri ithibitishe kuwa alikuwa na uwezo wa kujua kwamba hakupaswa kufanya alichofanya. Majirani zetu Kenya wamepandisha umri wa chini hadi miaka 12 kwa Sheria ya Watoto ya mwaka 2022.

Ulevi wa kujitakia si utetezi, ila mahakama inauzingatia pale kosa linapotaka nia mahsusi: je, aliweza kweli kuwa na nia hiyo akiwa katika hali ile?

Ugonjwa wa akili umejengwa juu ya kanuni za M'Naghten za mwaka 1843, zilizotungwa London baada ya M'Naghten, mtu aliyeamini kuwa anawindwa, kumpiga risasi katibu wa Waziri Mkuu. Sheria inadhania kila mtu ni timamu. Mshtakiwa ndiye anayepaswa kuonyesha kuwa ugonjwa ulimfanya asielewe anachofanya au asijue kuwa hakupaswa kukifanya. Kuwa na cheti cha hospitali peke yake hakutoshi. Swali ni hali yake saa ileile ya tukio.

"Pasipo kuacha shaka" ni kiasi gani?

Hakuna mizani ya kilo. Kesi mama ni ya Woolmington, mwaka 1935. Kijana wa Kiingereza alishtakiwa kumuua mkewe kwa bunduki, akadai ilifyatuka kwa bahati mbaya. Mahakama ya chini ilimtaka yeye athibitishe kuwa ilikuwa ajali. Majaji wa House of Lords, mahakama ya juu kabisa ya huko wakati ule, wakasema hapana: wajibu wa kuthibitisha ni wa upande wa mashitaka kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kwetu, msingi huo uko ndani ya Katiba, Ibara ya 13(6)(b): mtuhumiwa asitendewe kama mwenye hatia mpaka ithibitike.

Mshtakiwa anaweza kukaa kimya. Anaweza kudanganya na bado akashinda, maana uongo wake hauzibi tundu la ushahidi wa Jamhuri. Shaka inayohesabiwa ni ile yenye sababu unayoweza kuitaja: shahidi pekee alimtambua mtu usiku, lakini hakusema taa ilikuwa ya aina gani, umbali ulikuwa hatua ngapi, walitazamana kwa muda gani. Kesi nyingi za unyang'anyi zimevunjika kwenye taa. Ukiwa mwendesha mashitaka, uliza habari za taa.

Nadharia za uhalifu zinamsaidia nini mwanasheria?

Sheria inauliza: mtu huyu alitenda, na alikuwa na nia? Nadharia inauliza: kwa nini watu hutenda, na kwa nini tunaviita vitendo vingine uhalifu na vingine tunaviacha? Ukijibu swali la pili ulipoulizwa la kwanza, umekosa. Na kinyume chake pia. Lakini hakimu anayetoa adhabu, mbunge anayetunga kifungu na polisi anayepanga doria, wote wana nadharia kichwani hata kama hawaijui jina.

Beccaria, kijana wa Milan, aliandika mwaka 1764 akipinga mateso na adhabu ya kifo. Hoja yake: binadamu hupima faida na hasara, kwa hiyo kinachozuia uhalifu ni uhakika wa kukamatwa na wepesi wa hukumu kuliko ukali wa adhabu. Kila anayedai "miaka 30 haitoshi, iwe 50" angemsoma kwanza. Kibaka anayejua kuwa kati ya simu ishirini alizopora hajawahi kukamatwa hata mara moja hahesabu miaka.

Mwaka 1876 akaja Lombroso, daktari wa Italia. Aliipima mifupa ya vichwa vya wafungwa na maiti, na kwenye fuvu la mtu aliyeitwa Villella akaona kishimo ambacho alisema ni alama ya mhalifu wa kuzaliwa. Taya, masikio, mikono mirefu: uhalifu ukawa kitu cha kusomwa mwilini. Sayansi ilishamkanusha. Lakini rudi kwa yule bibi mwenye macho mekundu uniambie kama fikra ile imekufa. Au msikilize mtu akisema "huyu sura yake tu inaonyesha".

Umaskini ndio chanzo cha uhalifu?

Ni jibu la haraka, na linawatukana maskini waaminifu, ambao ndio wengi. Merton, mwanasosholojia wa Marekani, mwaka 1938, aliligeuza swali: jamii inamwonyesha kila mtu malengo yaleyale, nyumba, gari, heshima, lakini njia halali za kuyafikia imezigawa kwa upendeleo. Penye mwanya huo, wengine huvumilia, wengine hukata tamaa, wengine hubuni njia za mkato. Sutherland, mwanasosholojia mwenzake, naye alisema uhalifu hufunzwa kama fundi anavyofunzwa useremala: kwa kukaa na wanaoujua, mbinu pamoja na visingizio. Ndiye aliyewalazimisha wenzake, mwaka 1939, kutazama uhalifu wa watu wa maofisini. Shilingi bilioni 133 zilizolipwa isivyo halali kutoka akaunti ya madeni ya nje, EPA, katika Benki Kuu mwaka 2005/2006 hazikutoka kwa panga. Zilitoka kwa nyaraka. Nadharia ya umaskini haina la kusema hapo.

Nadharia ya kubandika jina la mhalifu ni ipi, na ina uhusiano gani na "wananchi wenye hasira kali"?

Wanasosholojia wengine wa Marekani, Lemert na baadaye Becker, mwaka 1963, walisema tendo la kwanza la mtu laweza kuwa dogo na la kupita. Jina analobandikwa baada yake ndilo linalomjenga upya. Kijana aliiba kuku akiwa na miaka 14. Mtaa ukamwita mwizi. Akikosa kazi ya kubeba tofali kwa sababu ya jina, akikamatwa kila kuku anapopotea, mwishowe watakaompokea ni wale tu wenye jina kama lake.

Na jina hilo kwetu linaua. Mtu anapiga kelele "mwizi!" stendi, matofali yanaanza. Magazeti yataandika aliuawa na wananchi wenye hasira kali, kana kwamba hasira ilijitembeza yenyewe. Kisheria, kila aliyerusha jiwe au kuleta tairi kwa lengo la pamoja anabeba kifo kile, hata kama jiwe lake halikumpata. Haijalishi kama aliyeuawa kweli aliiba. Nimeona wanafunzi wa sheria wakilitetea jambo hili darasani, na sijawahi kuliacha lipite.

Adhabu ya kifo bado ipo?

Ipo. Kwa kuua kwa kukusudia ndiyo adhabu pekee, isipokuwa kwa aliyetenda akiwa chini ya miaka 18 na kwa mjamzito. Hakuna aliyenyongwa tangu 1994. Mwaka huohuo Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu aliamua kuwa adhabu hiyo inapingana na Katiba, katika kesi ya Mbushuu. Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi mwaka 1995. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilisema tarehe 28 Novemba 2019, katika kesi ya Ally Rajabu, kwamba kumnyima jaji uchaguzi wa adhabu kunakiuka haki ya kuishi. Mahakama ya Juu ya Kenya ilishafika huko mwaka 2017, kesi ya Muruatetu.

Nikipewa swali la tukio kwenye mtihani, nianzie wapi?

Tuseme: vijana wawili kwenye pikipiki, wa nyuma anavuta mkoba wa mama mmoja kando ya barabara. Kamba haikatiki, mama anaburutwa, kichwa kinagonga ukingo wa mtaro. Anafariki hospitalini siku ya tatu. Dereva anasema: "Mimi niliendesha tu."

Usianze na kifo. Anza na mkoba: ulichukuliwa, na nguvu zilitumika. Kamba ilipogoma na wao wakaongeza mwendo, palepale ndipo wizi ulipogeuka unyang'anyi. Onyesha sekunde hiyo. Kisha kisababishi: kifo kilitokana na kuburutwa, na siku tatu za hospitali hazikati mnyororo. Kisha nia ovu: kukusudia kuua haionekani, hivyo nenda kwenye kujua kuwa kumburuta mtu kwa pikipiki huenda kukamdhuru vibaya, na kwenye nia ya kutenda kosa lenye adhabu inayozidi miaka mitatu. Hapa ndipo alama zilipo, jibu hoja za pande zote mbili. Mwisho dereva: kifungu cha 23, lengo la pamoja. Kifo kilikuwa tokeo linalotarajiwa la mpango wao? Yeye ndiye aliyeshika mafuta wakati mama anaburutwa. Andika hivyo.